Ngoma Mmepima, Ini Je?

Aliacha unga, akapima ngoma, akakutwa salama. Ndugu wakashangilia, harusi ikaanza kupangwa. Kilichobaki kilikuwa kimekaa kimya chini ya mbavu zake.

Watu wa Pwani tuna maneno yetu ya mahaba, na mengi hayapitii moyoni. Yanapitia kwenye ini. Mpenzi wa ndani kabisa tunamwita nyongo mkalia ini. Akituudhi, tunasema maneno yake yametukata maini. Na huku kwetu Tanga, mji wa waja leo warudi leo, lugha hiyo utaikuta kuanzia kwenye kanga hadi kwenye meseji za saa sita usiku.

Sasa nikuulize, mpenzi msomaji. Hilo ini lenyewe, lile pande la nyama lililojificha upande wa kulia chini ya mbavu, uliliulizia hali yake lini? Wachumba siku hizi wanaulizana mengi. Wanaulizana dini, kabila, kazi, hata deni la benki. Walio makini wanashikana mikono wanakwenda kupima ngoma. Wakitoka na majibu mazuri wanapiga picha, wanakwenda kula chipsi kuku, maisha yanaendelea. Ini hakuna anayelikumbuka.

Mimi na mwenzangu tungepita njia hiyo hiyo, kama si swali moja la dada mshauri. Ndiyo maana naandika. Mada ni homa ya ini aina ya B kwa watu wanaotumia, au waliowahi kutumia, dawa za kulevya na pombe. Usifunue ukurasa ukidhani haikuhusu kwa vile wewe hujawahi kushika kete. Nipe dakika zako kumi tu.

FUNDI WA PONGWE

Kwa usiyeijua Pongwe, ni kata ya Jiji la Tanga, kwenye barabara kuu ya kwenda Muheza na Segera. Ukitoka mjini, ukianza kuona malori ya saruji yamejipanga na mawe meupe ya chokaa, umefika. Ndiko kiliko kiwanda cha Tanga Cement. Ni sehemu ya watu wa kazi: madereva na utingo wao, mafundi, mama ntilie, bodaboda. Penye watu wa kazi pana fedha ya mkononi, na penye fedha ya mkononi hapakosi kilabu cha mnazi, gongo ya kujificha, na kijana mmoja aliyeegemea ukuta anauza kete.

Mwenzangu ni fundi wa kuchomelea. Nilipokutana naye alikuwa amekwisha acha unga. Hakunificha. Wiki ya tatu tu tangu tuanze kutoka pamoja, alinikalisha chini akaniambia, "Bibie, kabla hujaambiwa na watu wa Pongwe, nakwambia mimi mwenyewe. Nimekuwa teja miaka sita."

Alianza kama wengi, na bangi iliyochanganywa na unga, ile wanayoiita kokteli. Kisha akaingia kwenye sindano, kwa sababu kwa sindano kete moja inafika mbali. Akauza simu. Akauza mashine ya kuchomelea aliyoachiwa na marehemu baba yake. Akafika mahali akauza mpaka mlango wa chumba chake. Kilichomrudisha ni mama yake na methadoni. Kliniki iko Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa, na dawa unainywa pale pale mbele ya mhudumu. Pongwe mpaka Bombo na kurudi, kila siku ya Mungu, Idi na Krismasi. Alikwenda zaidi ya miaka miwili, akapunguziwa kidogo kidogo mpaka akamaliza.

Kwa hiyo mtu aliyekuja kuposa kwetu hakuwa teja. Alikuwa mtu aliyeshinda vita ambavyo wengi wetu hatujawahi kupigana.

Wazee wangu walitoa sharti moja: kipimo cha ngoma. Tukaenda. Majibu yakatoka, wote salama. Dada mshauri akatupa hongera, halafu akamgeukia mwenzangu, maana alikuwa amemsikia akisema aliwahi kujidunga. "Kaka, na homa ya ini mmepima?"

Tukatazamana.

Kipimo chenyewe ni tone la damu ya kidole na dakika zisizozidi ishirini. Changu kilionyesha mstari mmoja. Chake miwili.

HOMA YA INI SI HOMA YA MANJANO

Tuanze na jina, kwa sababu linachanganya watu. Homa ya manjano ni kitu kingine. Hiyo inaletwa na mbu, na chanjo yake ndiyo ile wanayochomwa wasafiri. Homa ya ini ni kuvimba kwa ini, na virusi vinavyoileta viko vya aina tano, vimepewa herufi A hadi E. A na E vinapita kwenye maji na chakula kichafu. B na C vinapita kwenye damu. B kinapita pia kwenye tendo la ndoa, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. D kinampata tu mtu mwenye B.

Kirusi cha B si kigeni kwa wataalamu. Mmarekani Baruch Blumberg na wenzake walikifikia katika miaka ya 1960, na mwaka 1976 akapewa Tuzo ya Nobel. Siku yake ya kuzaliwa, 28 Julai, ndiyo imekuwa Siku ya Homa ya Ini Duniani. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na kirusi hiki, na watu milioni 1.1 walikufa kwa sababu yake mwaka huo huo. Watu milioni 1.2 waliambukizwa upya, na zaidi ya nusu yao ni wa Afrika.

Mbona basi hatusikii vilio vyake kama tulivyosikia vya ngoma? Kwa sababu ini halina mdomo. Linaweza kuliwa polepole miaka ishirini, hata thelathini, na wewe unacheza mpira, unalea watoto, unapandishwa cheo. Likianza kulalamika, macho yakawa ya njano, mkojo ukawa kama chai ya rangi, tumbo likajaa maji, mara nyingi limekwisha kuwa makovu matupu au limeota saratani. Na huku kwetu tumbo likijaa maji, neno la kwanza ni kwamba mtu karogwa. Anapelekwa kwa mganga, anachanjwa chale kwa wembe uliochanja watu wengine. Kirusi kinapata abiria wapya.

SINDANO, KIJIKO NA PAMBA

Wengi tunadhani hatari ya maskani ni kupokezana sindano basi. Mwenzangu alinifungua macho. Kete moja mnachangishana watu watatu. Mnaiyeyusha kwenye kijiko kimoja, mnaichuja kwa pamba moja, maji mnachota kwenye kikombe kimoja. Hata kama kila mtu amenunua bomba lake jipya dukani, damu zenu zinaweza kuwa zimekwisha kutana kijikoni. Na mtu akiwa na arosto, pua inamwaga, tumbo linasokota, mifupa inauma, usimpe somo la usafi. Hakusikii. Hata angesikia, kusuuza bomba kwa maji hakuondoi kirusi hiki.

Ni kirusi sugu, jamani. Nje ya mwili kinaweza kukaa hai siku 7. Mtu asiye na kinga akichomwa na sindano yenye damu ya mwenye virusi vya ngoma, uwezekano wa kuambukizwa ni kama 3 katika 1,000. Kwa homa ya ini B unaweza kufika 300 katika 1,000. Ndiyo maana mtu anaweza kupita maskani miaka sita akaikwepa ngoma, na bado akatoka na hiki.

Nchi yetu imeyaona haya. Kujidunga kulishika kasi Dar es Salaam na Zanzibar kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, ilipoingia heroini nyeupe ambayo inayeyuka kirahisi kwenye maji. Kabla ya hapo watu walikuwa wakivuta moshi. Mwaka 2005 watafiti waliandika kuhusu wanawake wa Dar es Salaam waliokuwa wakijidunga, kisha wanavuta damu yao wenyewe ndani ya bomba na kumpa mwenzao aliyekosa fedha ajidunge hiyo damu, wakiamini masalia ya unga yatamtuliza arosto. Walikuwa wanasaidiana. Msaada huo ulibeba kila kirusi kilichokuwemo. Zanzibar, uchunguzi wa mwaka 2012 uliopima watu zaidi ya 400 wanaojidunga ulikuta karibu 6 katika kila 100 wana homa ya ini B, na kama robo yao wamekutana na C.

Habari njema ni kwamba Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa methadoni, na huduma hiyo ikasambaa mikoani mpaka kufika kwetu Bombo. Methadoni inanywewa. Anayeinywa hana haja ya sindano wala kijiko cha mtu.

"BORA POMBE KULIKO UNGA"

Hapa ndipo palipo na hoja yangu kubwa, na naomba utulie.

Mtu akiacha unga Pongwe, mtaa mzima unashusha pumzi. Siku akionekana kilabuni na kata ya mnazi mkononi, hakuna anayeshtuka. "Mwacheni, bora pombe kuliko unga." Mama yake mzazi anasema hivyo, na ukifikiria usiku wote aliolala nyumba haina mlango, huwezi kumlaumu. Mwenzangu naye alipita njia hiyo. Mnazi jioni baada ya kazi, bia mbili tatu Jumamosi, kitu kikali kidogo kwenye shughuli.

Tuelewane. Pombe haiambukizi homa ya ini. Ukinywa kata moja na mwenye kirusi, hupati kirusi. Lakini pombe ina kazi tatu mbaya. Ya kwanza, inakata breki. Kondomu inasahaulika, na asubuhi hamkumbuki nani alisema nini. Ya pili, ndiyo mlango wa nyuma wa kurudia unga, na kwa aliye kwenye methadoni, kuchanganya na pombe kunaweza kumkata pumzi akiwa usingizini. Ya tatu ndiyo iliyonikosesha usingizi mimi. Pombe yote unayokunywa inakwenda kushughulikiwa na ini. Ini lenye kirusi ni kama kibarua aliyevunjika mkono, na wewe unazidi kumtwika zege. Makovu yanakuja mapema. Saratani nayo inapata nafasi mapema.

Daktari alituambia bila kupaka rangi: "Kwa ini hili, kiwango salama cha pombe ni sifuri. Bia, mnazi, waini, halichagui."

Kuna watu bado wanaamini sumu ilikuwa vile viroba vilivyopigwa marufuku Machi 2017, na kwamba bia ya chupa ni kistaarabu. Ini halisomi lebo. Linahesabu kilevi kilichoingia.

Sasa tazama hesabu ilivyokaa. Unga ulimpa mwenzangu hatari ya kirusi, na unga ameuacha. Kitakachoamua kama atafika miaka sitini ni kidonge atakachopewa, na ile kata ya mnazi ambayo mtaa mzima unamruhusu.

NANI ALIYEMWAMBUKIZA?

Nyumbani swali la kwanza lilikuwa hilo. Shangazi yangu hakungoja. "Si nilisema? Teja ni teja."

Swali nikalipeleka kwa daktari. Akasema hakuna kipimo kinachoweza kujibu. Mtu mzima mwenye afya akiambukizwa, mara nyingi mwili wake wenyewe unakifukuza kirusi. Wanaobaki nacho ni chini ya 5 katika 100. Kwa mtoto mchanga ni kinyume kabisa, karibu 90 katika 100 wanabaki nacho. Ndiyo maana Afrika watu wengi wenye kirusi hiki walikipata wakiwa wadogo, kwa mama zao, au kwa watoto wenzao kupitia vidonda na wembe wa nyumba moja. Tanzania iliingiza chanjo hii kwenye ratiba ya watoto wachanga mwaka 2002. Mwenzangu alizaliwa kabla ya hapo. Mimi pia. Na wewe unayesoma, kama umeshaingia kwenye ajira na una majukumu, huenda pia.

Kirusi hakibebi cheti cha kuzaliwa. Inawezekana kilimwingia maskani, kwenye kijiko. Inawezekana alikuwa nacho tangu ananyonya, akaenda nacho maskani, akawagawia wengine bila kujua. Na inawezekana vile vile kwamba mwenye tai na kompyuta mezani, ambaye hajawahi hata kuvuta sigara, anacho, na kila Ijumaa anakimwagilia bia na nyama choma. Huyo hakuna anayemshuku. Hata yeye mwenyewe hajishuku.

Nikamjibu shangazi kwa adabu, "Shangazi, basi na sisi wote tukapime." Akanyamaza. Wiki iliyofuata alikwenda, kimya kimya, na binti zake wawili.

KIRUSI SAWA, MNAZI HAPANA

Mimi nilichomwa chanjo ya kwanza wiki ile ile. Ziko tatu: ya leo, ya baada ya mwezi mmoja, na ya mwezi wa sita. Mpaka zikamilike, kondomu. Mwezi mmoja au miwili baada ya ile ya tatu, unapima tena kuhakikisha kinga imeshika. Kwa hiyo kirusi hakikuwa kizuizi cha ndoa yetu, na daktari alilisema hilo mara mbili ili tulisikie.

Mwenzangu alifanyiwa vipimo zaidi: ini linavyofanya kazi, wingi wa virusi kwenye damu, na picha ya tumbo. Akaanzishiwa tenofoviri, kidonge kimoja kila siku. Dawa hiyo haikifukuzi kirusi, inakilaza. Ukiiacha kiholela, kinaweza kuamka na hasira.

Kizaazaa kilianzia kwenye kopo la dawa. Tenofoviri imo pia katika dawa za ngoma. Jirani akaliona kopo, na jioni Pongwe nzima ikawa na habari. Mama mkwe akanijia analia. "Mwanangu, niambie ukweli. Mnanificha nini?" Nikamkalisha, nikamweleza kama ninavyokueleza wewe. Akauliza kitu kimoja tu: "Naweza kula naye?"

Unaweza, mama. Kula sahani moja, kukumbatiana, kukoholeana, kuchangia choo, mbu, hakuna hata kimoja kinacholeta. Wembe, mashine ya kunyolea na mswaki, hapo ndipo kila mtu awe na wake. Jioni ile mama akapika wali wa nazi na samaki, akautandika mkeka barazani, akala na mwanawe sinia moja. Jirani alikuwa anapita. Akakaribishwa.

Shida ikabaki moja. Wiki ya pili ya dawa mwenzangu alikuja kwetu ananuka mnazi.

"Kata moja tu, bibie. Ukikataa kabisa washkaji wanasema umejifanya shekhe."

Nikavua pete, nikaiweka mezani. Sikupaza sauti. Nikamwambia, "Kirusi nitakaa nacho. Mimi nina chanjo, wewe una dawa, kondomu zipo. Mnazi sitaweza kukaa nao, kwa sababu sitaki kukuzika huku najua kilichokuua."

Siku tatu hakupiga simu. Nisikudanganye, zilikuwa ndefu. Siku ya nne alipiga akiwa Bombo, kwa mshauri wake wa zamani wa methadoni. Akanisimulia kile ambacho hakuwahi kunieleza. Habari ya washkaji ilikuwa nusu tu ya ukweli. Nusu ya pili ni kwamba jioni zilikuwa zinamtisha. Zamani jioni zilijazwa na unga. Unga ulipotoka, mnazi ukaja kukaa kwenye kiti kile kile. Mshauri akasema uraibu ni ule ule, umebadilisha nguo, na unatibiwa kwa namna ile ile: kwa kuongea, kwa kukaa mbali na vijiwe, na kwa kuwa na mtu wa kumpigia simu jua linapozama.

Harusi tukaisogeza mbele miezi minne. Si kwa ajili ya kirusi. Tulitaka kuona jioni zake zinakuwaje. Siku hizi anakaa kwenye benchi la kahawa, kahawa chungu na kashata, anabishana Simba na Yanga mpaka sauti inakauka. Washkaji wawili wamemfuata huko. Ameteleza mara moja, na aliyeniambia ni yeye mwenyewe, asubuhi yake. Ahadi zake niliendelea kuzipokea bila kugusa pete. Niliivaa tena siku aliponiomba nimsindikize kliniki ya ini, nikakaa naye kwenye foleni tangu saa moja asubuhi.

WEWE NA MWENZIO MFANYEJE?

Pimeni wote wawili. Mkienda kupima ngoma, ombeni na kipimo cha homa ya ini B. Ukikutwa nacho, usikate shauri kwa kipimo kimoja. Rudi kwa daktari kwa vipimo vya pili, maana kirusi kinahesabiwa kuwa cha kudumu kikikaa zaidi ya miezi 6.

Huna kirusi, huna kinga? Chanjwa. Kwa watu wazima vituo vingi hutoza, kwa hiyo ulizia bei ya dozi zote tatu kabla hujaanza, na usiishie ya pili.

Unacho kirusi? Pombe acha, kliniki hudhuria, dawa ukipewa meza kila siku. Hata dawa za mitishamba na za kutuliza maumivu, mwulize daktari kwanza. Mwambie mwenzio na watu wa nyumbani wakapime.

Unatumia unga sasa hivi? Usisubiri uache ndipo upime. Sindano yako, kijiko chako, pamba yako, maji yako, usikopeshe na usikope. Pima na C pia. Hicho hakina chanjo, lakini kina tiba ya vidonge vya wiki 8 hadi 12 inayowaponya wengi kabisa. Na milango ya methadoni iko wazi.

Mjamzito? Omba kupimwa kliniki. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto apate chanjo ya kwanza ndani ya saa 24 za kuzaliwa, kwa hiyo ulizia mapema kama inapatikana unakotarajia kujifungua. Zile za ratiba ni wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Kunyonyesha ruksa.

Kinyozi, saluni ya kucha, tatuu, chale? Wembe mpya, ufunguliwe mbele yako.

Nimekwisha chomwa sindano ya tatu, na kinga imeshika. Kipimo cha mwisho cha mwenzangu hakikuona kirusi kwenye damu yake, na bado kidonge anameza kila usiku baada ya taarifa ya habari. Daktari anasema ini lina sifa ambayo viungo vingi havina: likipumzishwa, linajijenga. Hata makovu yanaweza kupungua. Linachohitaji ni kwamba mwenye nalo ajue mapema.

Kwa hiyo Ijumaa hii wenzako wakishakaa mezani, na mhudumu akasimama mbele yako na daftari lake, jiulize kwanza kama unajua ini lako lina nini. Kama hujui, agiza soda. Jumatatu nenda kapime.